Simu Ikikalia Kiti cha Maalim: Namna ya Kuirudisha Mahali Pake

Katika nyumba nyingi za Ngamiani, mjini Tanga, kitu cha kwanza kuguswa alfajiri si kata ya maji ya udhu, ni simu. Ndiyo iliyoamsha, ndiyo iliyoadhini, ndiyo inayosema leo ni mwezi ngapi wa Kiislamu, na kabla mtu hajanyanyua kichwa imeshamwonyesha nani kafariki na nani kaoa. Nyumba za Kikristo za Chumbageni nazo ni hivyo hivyo: somo la siku, tafakari, mchango wa jumuiya, vyote mle mle. Chombo kutumika si kosa. Kosa huanza pale simu inapoacha kuwa chombo cha ibada ikawa yenyewe ndiyo inayojibu, inayofariji, inayosamehe na inayokusanya. Mwongozo huu ni wa wazazi, walimu wa madrasa, makatekista na viongozi wa vijana wa Tanga na Bagamoyo wanaotaka kujua jambo hilo limefika wapi nyumbani mwao, na kulirekebisha bila kumvunjia mtu simu.

Habari za Ulaya na Marekani zijue, ila tiba yao usiinakili. Sensa ya 2021 ya Uingereza na Wales ilikuta Wakristo wameshuka hadi asilimia 46.2, na wasio na dini wamefika asilimia 37.2. Kwenye pengo hilo teknolojia imeingia kwa miguu miwili. Mhandisi wa California, Anthony Levandowski, alianzisha shirika la kidini la kuienzi akili mnemba, habari iliyotoka hadharani mwaka 2017. Juni 2023, mjini Fürth, Ujerumani, waumini walikaa kanisani wakasikiliza ibada iliyoandikwa karibu yote na ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali kwa maandishi. Mwaka 2024 kanisa moja la Lucerne, Uswisi, liliweka ndani ya chumba cha kitubio skrini yenye sura ya Yesu inayoongea na watu, ingawa wahusika walieleza kuwa ni jaribio la mazungumzo, si sakramenti. Huko viti vilikuwa vitupu kwanza, ndipo mashine ikaja kuvikalia.

Kwetu msikiti wa Ijumaa bado unajaa hadi mikeka ya nje. Mwaka 2020, nchi nyingi zilipofunga nyumba za ibada kwa sababu ya korona na watu wakazoea kusali kwenye skrini, Tanzania hazikufungwa. Simu ya hapa inakalia kiti ambacho mwenyewe yu hai, anakaa barabara ya pili, na ukimbishia hodi atafungua. Kwa hiyo haitoshi kuhubiri kwamba mashine haina roho. Hilo watoto wanalijua. Kinachofaa ni kuitaja kila kazi iliyohamia kwenye simu, kumtaja mtu aliyekuwa akiifanya, na kumrudishia kazi yake.

Pima siku saba kwanza

Chukua daftari la kawaida la kurasa 40. Anza siku yoyote, mradi Ijumaa na Jumapili ziwemo. Kila usiku kabla ya kulala fungua Mipangilio, ingia Nidhamu Dijitali (kwenye iPhone ni sehemu ya muda wa skrini), kisha nakili mambo matatu: jumla ya saa, idadi ya mara simu ilipofunguliwa, na programu tatu zilizoongoza. Jambo la nne halipo kwenye simu, nalo ndilo kubwa: andika kila mara ulipoiendea simu kwa jambo ambalo babu yako angeliendea kwa mtu au kwa Mungu. Kuuliza hukumu, kutafuta faraja usiku, kuomba msamaha, kutoa pole, kuhesabu tasbihi, kutaka kujua kesho itakuwaje. Neno moja na saa vinatosha: “talaka, saa 5 usiku”.

Namba peke yake hudanganya. Saa mbili za YouTube zinaweza kuwa mawaidha, zinaweza kuwa vichekesho, na simu huzihesabu chungu kimoja. Ukiwa dukani simu ikabaki wazi kwenye kaunta, saa zinapanda bure. Ndiyo maana mara za kufungua hueleza mengi kuliko saa. Mtu anayefungua simu mara 90 kwa siku hana shida ya muda. Ana mkono uliozoea kutafuta kitu usichokijua, kama mkono wa mzee unavyotafuta tasbihi mfukoni.

Usimpime mtoto kabla hujajipima. Zoezi hili hufa mapema kwa sababu moja kuu: baba analidai daftari la mwanawe ilhali la kwake halipo.

Siku ya nane kaeni chini, mchore mstari katikati ya ukurasa. Kushoto ziandikeni kazi zilizoonekana, kulia jina la mtu wa mtaani mwenye kazi hiyo. Si “mashehe” wala “wachungaji”, jina. Kazi isiyo na jina kulia ndiyo yenye hatari, maana hapo simu haijapora kiti, imekuta hakuna aliyekaa. Hapo kazi yenu ya kwanza ni kumtafuta mtu, na simu iachwe kwanza.

Maswali ya dini na akili mnemba

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu ndipo watu wanapoumia bila kujua. Programu za akili mnemba hutunga sentensi kwa kukisia neno linaloelekea kufuata. Hazifungui kitabu ila zikiunganishwa na kitabu hicho, na hata zikiunganishwa huchanganya. Kwa hiyo hutoa aya yenye namba isiyokuwepo, hadithi yenye maana nzuri isiyo na mpokezi, au andiko la kweli lililobandikwa namba ya jingine. Kiswahili chake ni kizuri, sauti yake ni ya upole, na haichoki. Tabia hizo tatu ndizo zinazomfanya kijana aiamini kuliko maalim anayekohoa.

Jibu lolote lipitishe hapa kabla hujalitendea kazi. Kwanza, iambie itaje sura na aya, au kitabu cha hadithi na namba, au kitabu cha Biblia, mlango na mstari. Pili, fungua msahafu au Biblia ya karatasi usome aya tano kabla na tano baada yake. Al-Baqara ina aya 286. Ukipewa aya ya 290, funga. Zaburi ni 150. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73 na ya Kiprotestanti 66, kwa hiyo Mlutheri akiletewa Yoshua bin Sira asimwambie jirani kuwa amedanganywa. Amepewa kitabu kisichomo kwenye Biblia yake, na mashine haikuuliza yeye ni nani. Tatu, liulize swali lile lile kwa kulipindua. Ukiuliza “si kweli kwamba jambo hili linaruhusiwa?” kisha kwenye mazungumzo mapya ukauliza “si kweli kwamba jambo hili limekatazwa?”, mara nyingi utaona jibu linakufuata ulikoelekea. Wafanyieni vijana jaribio hili mbele yao, kwa simu yao, kwa swali lao. Linafundisha kuliko khutba tatu.

Nne, na hii ndiyo hatua watu huiruka, uliza madhehebu. Wengi wa Waislamu wa pwani hii ni Shafi. Jibu la simu linaweza kutoka madhehebu yoyote, au mawili yakashonwa pamoja. Katika udhu, katika kunuti ya alfajiri, katika wakati wa alasiri, tofauti hizo unakutana nazo kila siku.

Kuna maswali yasiyopaswa kuanzia wala kuishia kwenye simu: talaka, mirathi, nadhiri, ndoa ya dini mbili, na mtu anayesema amechoka kuishi. Talaka hutegemea maneno yaliyotamkwa, nia na hali ya mwanamke. Maalim atauliza maswali kumi kabla ya kujibu, simu hujibu kabla ya kuuliza. Mirathi nayo huharibika kwa mrithi mmoja aliyesahaulika. Na huyo aliyechoka kuishi asiachwe na skrini hata usiku mmoja: akae na mtu, apelekwe hospitali.

Sababu inayowafanya vijana wasimwendee maalim ni aibu, si ukaidi, kwa hiyo warahisishieni njia. Mfundisheni mwenye swali aandike vitu vinne kwenye karatasi: kilichotokea, lini, nani wamehusika, na anachotaka kujua. Kisha aende baada ya sala, watu wakishatawanyika, aseme: “Shikamoo maalim. Nina jambo langu la nyumbani, naomba dakika kumi pembeni.” Akiitikia “Marahaba mwanangu, twende huku,” kazi imeshafanyika nusu. Kwa dada na mama, msikiti uwe na ustadhati anayejulikana kwa jina na siku zake. Pasipo naye, simu itaendelea kuwa ustadhati wao, na hawana kosa.

Nyakati za sala, kibla na tarehe

Kazi hii simu iachiwe, lakini ipangwe sawasawa. Programu nyingi za nyakati huja na mipangilio ya nchi nyingine.

Zima ruhusa ya mahali, uandike mji mwenyewe. Tanga ipo nyuzi 5.07 Kusini na 39.10 Mashariki, Bagamoyo 6.44 Kusini na 38.90 Mashariki. Kuna faida mbili. Mwaka 2020 ilifichuka kwamba data za mahali walipo watumiaji wa programu moja kubwa ya nyakati za sala zilikuwa zikifika kwa wauza data wenye wateja wanaohusiana na jeshi la Marekani, usipoitoa, haiuzwi. Pia mji hautajibadilisha wenyewe. Simu iliyorudi safarini ikabaki na Dodoma itachelewesha kila wakati kwa dakika kama 13, kwa sababu kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika nne. Wakati wa Ramadhani, dakika hizo 13 zinatosha kumlisha mtu daku baada ya alfajiri kuingia.

Kisha angalia pembe ya alfajiri, yaani jua liko nyuzi ngapi chini ya upeo wakati alfajiri inapoingia. Mbinu hutofautiana: nyuzi 15, 18, 18.5 hadi 19.5. Kati ya 15 na 19.5 kuna tofauti ya dakika kama 18 hapa kwetu. Shika kalenda ya msikiti wako, linganisha siku tatu, chagua mbinu inayoifuata. Alasiri iweke Shafi. Ikiwa kwenye Hanafi, madhehebu nyingine, itaingia zaidi ya saa moja baadaye siku ambazo jua hupita utosini. Kipengele cha saa za kiangazi kizimwe kabisa.

Ukitaka kuhakikisha bila mashine, simamisha kijiti cha mita 1 wima kwenye uwanja tambarare. Mwishoni mwa Juni, kwa Tanga, kivuli kifupi kabisa cha mchana ni kama sentimita 54, kikilala kusini. Alasiri ya Shafi inaingia kivuli kikifika 154. Mwishoni mwa Desemba kivuli hicho ni kama 33, kikilala kaskazini, na alasiri ni 133. Wapeni watoto wa madrasa kazi hii na kamba ya kupimia. Mtoto aliyewahi kuuona wakati ukiingia kwa macho yake haitegemei tena simu kujua kwamba upo.

Kibla. Kutoka Tanga ni nyuzi 1.5 tu mashariki ya kaskazini halisi, Bagamoyo karibu 2. Makosa makubwa hutoka kwenye dira ya simu yenyewe: kava lenye sumaku, spika, nondo za nguzo, geti la chuma, pikipiki iliyoegeshwa. Toa kava, sogea mita tatu kutoka kwenye chuma, zungusha simu hewani kwa umbo la namba nane mara kadhaa, ndipo usome. Njia isiyokosea ni jua. Tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, na 15 au 16 Julai saa 6:27 mchana, jua huwa juu ya Kaaba, na saa ya Makka ni sawa na yetu. Dakika hiyo ukilielekea jua umeelekea kibla. Kivuli cha kijiti hulala upande wa pili, urefu wake kama nusu ya kijiti. Piga mstari wa chokaa chini, hautahitaji dira tena.

Tarehe ya Kiislamu kwenye simu ni hesabu, nayo inaweza kupishana na mwezi ulioonekana kwa siku moja. Usifungue wala kufunga kwa kalenda ya simu. Tangazo la mwandamo likishatoka, irekebishe kwa kuongeza au kupunguza siku 1.

Tasbihi ya simu, ifute. Unafika Subhanallah ya 33, skrini inapasuka kwa tangazo la kubashiri mpira. Misbaha ya shanga 33 inakaa mfukoni, haina bando. Rozari vivyo hivyo: vidole vinavyopita shanga 53 ndogo na 6 kubwa vina kumbukumbu yake, na kitufe cha skrini hakina.

Toba, sakramenti na jamaa

Kuna vitu ambavyo simu haivifanyi vibaya, haivifanyi kabisa. Vatikani ilieleza mwaka 2002 kuwa hakuna sakramenti kwenye intaneti. Padri amefungwa na siri ya kitubio hata kwa gharama ya maisha yake. Ulichokiandika kwenye programu kinakaa kwenye kompyuta za kampuni, na masharti uliyoyakubali bila kusoma huenda yanairuhusu ikitumie. Mwislamu hana wa kumuungamia ila Mola wake, na Mtume ameagiza aibu iliyositiriwa isifichuliwe. Kuiandikia mashine ni kuifichua. Sala ya Ijumaa kwa Shafi hutaka wanaume 40 wakazi waliohudhuria kwa miili yao. Kuitazama kwenye simu ni kusikiliza mawaidha, nayo ina thawabu yake, ila adhuhuri bado unadaiwa.

Mgonjwa na mama mwenye kichanga wasibebeshwe mzigo huu. Kwao matangazo ni rehema. Ila aliyetazama misa nyumbani kwa ugonjwa, mtoa komunyo apelekewe jina lake siku hiyo hiyo.

Kikapu cha magharibi

Kati ya magharibi na isha hapa kwetu kuna kama saa moja na dakika kumi. Ndio muda wa darsa tangu zamani, ndio muda wa sala ya familia, na ndio muda simu huchukua zaidi. Anzeni na usiku mbili kwa wiki, si saba. Nyumba zinazoanza na saba hushindwa.

Tafuteni kikapu cha ukili chenye mdomo mpana, kikae sebuleni, si chumbani kwa baba. Kila simu iwekwe Usinisumbue, iingie uso chini. Kitochi kimoja kibaki nje na sauti juu, namba yake ipewe ndugu wote kwa dharura. Aliye kazini kwa simu, wakala wa pesa au wa bodaboda, apewe siku nyingine badala ya kulazimishwa. Akiiba dakika mbili uani watoto watamwona na kikapu kitakwisha siku hiyo. Mgeni haombwi simu. Akiuliza, aelezwe, wengi huitoa wenyewe.

Ndani ya muda huo pawe na kitu. Kikapu kitupu cha shughuli ni adhabu. Kurasa mbili za msahafu kwa zamu, zaburi moja, kisa cha nabii kutoka kwa bibi, swali moja la daftari. Bibi asiulizwe maswali ya mtihani, aachwe asimulie.

Usiku simu zilale sebuleni kwenye chaji. Udhuru utakaosikia ni alamu ya alfajiri, kwa hiyo nunueni kwanza saa ya mezani ya betri, ndipo mtoe agizo. Agizo likitangulia saa, mtu atakosa alfajiri siku ya kwanza na simu itarudi kitandani ikiwa na hoja.

Msiba

Grupu la WhatsApp limerahisisha kutangaza mazishi na kukusanya mchango, na hapo libaki. Lakini “Inna lillahi” 140 mfululizo zimekuwa ndizo pole zenyewe, na mfiwa anakaa jamvini akiwa na simu iliyojaa na mkeka mtupu. Wekeni kanuni ya umbali: msiba ulio ndani ya mwendo wa nusu saa kwa mguu, haitumwi pole, inapelekwa. Aliye mbali apige simu asikike sauti, si siku ya kwanza ambayo mfiwa hashikiki, bali ya nne, watu wakishatawanyika.

Ujumbe wa “tuma kwa watu 10 upate habari njema kabla ya usiku” usimamishwe hapo ulipofika. Wanaoutuma mara nyingi ni wazee wetu, tena kwa nia safi. Usiwajibu mbele ya grupu. Nenda nyumbani, “Shikamoo mama,” kaa, onyesha kwamba hauna sura wala aya, kisha mwombe yeye aandike dua aliyofundishwa na mama yake, muitume hiyo.

Baada ya siku 40 rudieni kipimo cha wiki moja, kwenye daftari lile lile. Saa zinaweza zisipungue sana, hasa kwa wenye biashara. Tazameni ule ukurasa wenye mstari katikati: hesabuni kazi ngapi zilizokuwa kushoto sasa mwenyewe wa kulia ameziona kwa macho yake. Ikiwa maalim ameulizwa maswali matatu aliyokuwa hayaulizwi, endeleeni. Ikiwa hakuna hata moja, msiongeze siku za kikapu. Mwendeeni maalim mumuulize ni saa ngapi huwa anapatikana, mkaibandike saa hiyo mlangoni.